Geji ya Upepo Kabla ya Mteremko: Kuitambua Hali ya Kompresa ya Breki

Viazi, kabichi na karoti zinazopakiwa Shume hushuka Lushoto, zikapita Soni na kufika Mombo kabla ya kushika barabara kuu. Shume iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Mombo haifiki mita 500. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliyashusha magogo ya Shume kwa njia ya kamba ya chuma hadi stesheni ya Mkumbara. Leo mzigo hushuka kwa lori, na katika kona zote hizo dereva hutegemea upepo uliobanwa ndani ya mitungi. Somo hili linamhusu mkulima anayekodi lori, mwenye lori anayemkabidhi dereva, na pia abiria, kwa kuwa mabasi makubwa hutumia breki za namna hiyohiyo.

Upepo huo hutengenezwa na kompresa ya pistoni iliyofungwa kwenye injini na kuzungushwa nayo. Pistoni ikishuka, hewa huingia kwa valvu ya kuvutia. Ikipanda, hewa hubanwa na kusukumwa mtungini kwa valvu ya kutolea. Ringi zikichakaa, hewa hupenya kwenda chini na mafuta ya injini hupanda kwenda juu. Valvu ya kutolea ikishika masizi isifunge sawasawa, hewa iliyokwisha kubanwa hurudi kwenye silinda na kubanwa tena, na joto huzidi.

Katika viwanda vya kusafisha mafuta na vituo vya kusukuma gesi, kompresa kubwa za pistoni huwekewa vihisi vingi: vya joto la kila valvu, vya mtikisiko, vya kanieneo ndani ya silinda, hata vya kuonyesha fimbo ya pistoni imeshuka kiasi gani kwa kulika. Lori la mboga lina geji moja kwenye dashibodi, pamoja na macho, masikio na pua za waliomo. Hayo yanatosha kwa mengi, mradi geji isomwe inavyopaswa.

Kosa la kawaida ni kuitazama sindano mara moja, kuiona imesimama juu, na kuridhika. Kompresa iliyochoka nayo huujaza mtungi, ila kwa taabu. Kwa hiyo pima muda. Kipimo wanachofundishwa madereva wa malori Marekani ni rahisi kukifuata: injini ikizunguka kwa mwendo wa kazi, sindano ipande kutoka psi 85 hadi psi 100 ndani ya sekunde 45. Geji yenye alama za bar itaonyesha takriban 6 hadi 7. Saa ya simu yatosha kwa kazi hiyo.

Kisha, lori likiwa mahali tambarare na magurudumu yamewekewa vigingi, injini izimwe, breki iachiwe, na sindano itazamwe kwa dakika moja. Kwa lori lisilo na tela isishuke zaidi ya psi 2. Breki ikikanyagwa na kushikiliwa, isizidi psi 3. Vipimo hivi viwili hutenganisha magonjwa mawili. Sindano ikishuka haraka injini ikiwa imezimwa, upepo unavuja kwenye mpira, kiungio au mtungi. Maji ya sabuni yataonyesha mahali. Sindano ikitulia vizuri lakini ikapanda polepole, mshuku kompresa, au kichujio cha hewa kilichoziba. Tunalikazia jambo hili kwa sababu wapo wenye magari wanaouziwa kompresa nzima ilhali kilichoharibika ni mpira mmoja. Kabla ya kulipa, mwombe fundi akuonyeshe vipimo vyote viwili.

Hapa Shume kuna jambo la kuzingatia. Kwa kimo hiki hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban moja ya tano, hivyo kompresa nzima kabisa huchukua muda mrefu zaidi kuujaza mtungi kuliko ikiwa Tanga. Linganisha muda wa leo na wa mwezi uliopita mahali palepale, na uuandike kwenye daftari la gari. Muda unaorefuka mwezi hadi mwezi ndio habari yenyewe.

Mashahidi wengine ni wa bure. Mtungi ukifunguliwa asubuhi kutoa maji, maji kidogo ni ya kawaida, hasa katika ukungu wetu. Mafuta mengi, au uji mweupe kama maziwa, huashiria ringi. Harufu ya mafuta yaliyoungua karibu na bomba la kutolea huashiria joto lililopita kiasi. Na ule mfoko mfupi wa upepo unaosikika mitungi inapojaa, ukijirudia mara kwa mara hali dereva hajagusa breki, maana yake upepo unavuja na kompresa haipumziki.

Mteremkoni, dereva anayeweka gia ya nyutro ili kuokoa mafuta huipunguzia kompresa mzunguko wakati uleule anapoongeza matumizi ya breki. Gia nzito hulishikilia gari na kuendelea kuizungusha kompresa. Lumbesa nayo huongeza uzito usioandikwa popote, na breki hulazimika kuuzuia.

Taa nyekundu au king'ora cha upepo kikilia, kwa magari mengi sindano ikikaribia psi 60, gari lisimamishwe mara moja mahali salama na lisiondoke hadi chanzo kipatikane. Kuendelea kupampu breki ni kuumaliza upepo uliosalia. Mkulima ana haki ya kukataa kupakia lori ambalo dereva wake hataki geji itazamwe. Abiria anayesikia king'ora kikilia huku basi likiendelea kushuka amwambie kondakta waziwazi, na akipuuzwa atoe taarifa kwa askari wa usalama barabarani au LATRA, akitaja namba ya gari, mahali na saa.