Wizi wa Maandishi na Akili Unde: Hoja ya Mwanafunzi wa Kiingereza Chuoni

Dhana ya wizi wa maandishi imejengwa juu ya nguzo mbili: mwizi na mwenye mali. Martial, mshairi wa Kirumi wa karne ya kwanza, alimsuta mtu aliyeyaghani mashairi ya mwenziwe kana kwamba kayatunga yeye, akamwita plagiarius, neno la Kilatini lenye maana ya mtekaji wa watu. Neno hilo ndilo asili ya istilahi inayotumika katika Kiingereza hadi leo. Programu ya ChatGPT ilipozinduliwa Novemba 2022, nguzo ya pili ilitikisika. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayejifunza Kiingereza kama lugha ya pili sasa huweza kuuliza: ikiwa sentensi zimeundwa na mashine, nani kaibiwa?

Hoja inayosikika mara nyingi zaidi, hata hivyo, ni nyingine. Mwanafunzi hukiri kwamba kuagiza insha nzima na kuiwasilisha kwa jina lake ni wizi. Lakini insha aliyoiwaza na kuiandika mwenyewe, kisha mashine ikamnyooshea lugha, huiona kuwa mali yake. Kwake yeye, mashine ni kama kamusi, au rafiki aliyempitishia jicho kazi yake. Hoja hii ina uzito mkubwa kwa mwanafunzi wa kemia, maadam anayetahini kemia hatahini vihusishi. Kwa mwanafunzi wa lugha mambo hugeuka, kwani lugha yenyewe ndiyo inayopimwa. Ni sawa na mwanafunzi wa Kiswahili aliyeandika "kitabu hii", mashine ikampa "kitabu hiki": mhadhiri atatoa alama kwa upatanisho wa kisarufi ambao mwanafunzi hana. Hapo hakuna mwandishi aliyeporwa chochote, ila kipimo kimedanganywa, na mwanafunzi ameondoka darasani na kosa lake lile lile.

Vyuo vimejaribu kuitafuta hila hii kwa programu za kutambua maandishi ya mashine. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walizijaribu programu saba za aina hiyo. Walizipa insha 91 za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL zilizoandikwa na Wachina, pamoja na insha 88 za wanafunzi wa darasa la nane wa Marekani. Za Wamarekani zilitambuliwa vyema kuwa kazi ya binadamu. Zile za TOEFL, kwa wastani, zaidi ya asilimia 60 zilidaiwa kuwa za mashine! Sababu yake ni ya kiisimu. Programu hizo hupima jinsi neno linalofuata linavyoweza kubashiriwa, na anayejifunza lugha huwa na msamiati finyu na miundo michache aliyoizoea. Hivyo sentensi zake hubashirika kwa urahisi.

Linaloshangaza zaidi ni jaribio lililofuata. Watafiti waliitaka ChatGPT izitajirishe insha hizo kwa msamiati wa mzawa wa lugha, na kiwango cha kushukiwa kikashuka hadi takriban asilimia 12. Yaani aliyejikokota peke yake na kamusi alishukiwa kuwa mwizi, ilhali kazi iliyopitia kwa mashine ilisafishwa shaka. Julai mwaka huo huo, kampuni ya OpenAI, iliyounda ChatGPT, iliiondoa programu yake ya utambuzi kwa sababu ya usahihi wake mdogo.

Si ajabu basi kwamba mwanafunzi mwaminifu huingiwa na kishawishi cha kuitumia mashine ili tu asishukiwe. Mhadhiri anayemhukumu kwa alama ya programu pekee humsukuma huko. Katika somo la lugha, ushahidi bora upo kwenye mchakato: rasimu ya kwanza pamoja na makosa yake, marekebisho ya pili, na mazungumzo mafupi ambamo mwanafunzi anaulizwa kwa nini amechagua wakati uliopita katika aya fulani. Aidha, karatasi ya kazi yenyewe haina budi kueleza, kabla mwanafunzi hajashika kalamu, iwapo kinachotahiniwa ni hoja, lugha, au vyote viwili, na ni msaada gani wa mashine unaoruhusiwa katika kila hali.