Wajukuu na Lambo: Kijitabu cha Babu, Bibi na Wote Wanaopokea Watoto wa Likizo



Kijitabu hiki ni cha Babu na Bibi walio kwenye vijiji vya malambo: Kishapu, Maswa, Meatu, Bariadi na kwingineko ambako mvua ikikatika, lambo ndilo linalonywesha ng'ombe na ndilo uwanja wa wajukuu. Likizo ya Juni na likizo ya Desemba watoto wanashuka kwenye basi kutoka Mwanza, Shinyanga mjini, hata Dar es Salaam. Kesho yake asubuhi wameshafika lamboni.

Sisemi msiwapeleke. Mjukuu asiyejua kuvua kambare wala kutaja ng'ombe wa babu yake kwa rangi zao amekosa kitu kikubwa. Ninalo jambo moja tu, na nitalirudia mpaka mnichoke:

MTOTO HAMLINDI MTOTO.

Jambo lenyewe

Kesi zinazonifikia zinafanana mno. Watoto watatu au wanne wametumwa kuchota maji, kufua, au kupeleka ndama kunywa. Mkubwa wao ana miaka 8 au 9. Amekabidhiwa mdogo wa miaka 2. Watu wazima wako shambani, mnadani, msibani, au wamejinyoosha kidogo baada ya ugali wa mchana. Yule mkubwa anageuka kufunga dumu. Akigeuka tena, mdogo hayupo.

Hapo hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama anajitupa majini kumfuata, tukazika wawili. Ama anakimbia nyumbani, na kwa kuogopa fimbo anajificha kwanza nyuma ya zizi kabla ya kumwambia mtu.

Mtoto huyo hana kosa. Kosa ni la aliyemkabidhi mwenzake. Mtoto wa miaka 9 anaweza kubeba, kubembeleza na kulisha. Kulinda kwenye maji hawezi, maana yeye mwenyewe ni wa kulindwa. Wazee huniambia, "Mbona sisi tulikua hivyo hivyo?" Ni kweli. Waliokua ndio wanaoniambia. Wasiokua hawapo hapa kujibu.

Msisubiri kelele. Tumezoea kusema mfa maji haachi kutapatapa, na msemo huo umetudanganya wengi. Mtoto mdogo hatapatapi. Hapigi yowe, hapungi mkono. Anazama kimya, na dakika chache zinatosha. Ukikaa chini ya mwembe ukisikilizia vicheko vya watoto lamboni, vicheko hivyo vitaendelea wakati mmoja wao hayumo tena.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Umoja wa Mataifa umeweka tarehe 25 Julai kuwa siku ya kukumbushana habari hii. Siku nzuri, ila kwetu huku inafika wajukuu wakiwa wamesharudi shule. Ndiyo maana mnasoma kijitabu hiki.

Mlinzi ni nani

Mtu mzima. Anayeona vizuri, anayeweza kukimbia, ambaye hajanywa pombe, hajasinzia, na simu yake iko mfukoni. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5 akae karibu kiasi cha kumdaka kwa mkono bila kupiga hatua.

Babu, Bibi, hapa mnisamehe, nyinyi ni wakubwa zangu. Kama jicho limeingia ukungu au goti limegoma kukunja, hutaweza kumfuata mtoto majini. Si aibu. Mwite mjomba, shangazi, mkwe, au jirani unayemwamini. Asipopatikana, siku hiyo watoto wacheze uani na lambo lingoje kesho.

Mkiwa watu wazima watatu lamboni, mmoja ataje kwa sauti, "Sasa nalinda mimi," na akitaka kuondoka amkabidhi mwingine kwa jina. Watu wazima watatu wanaotegeana ni sawa na hakuna aliyekuja.

Wapo mabibi wanaomfunga mtoto njuga mguuni ili wamsikie anakoelekea. Nawapongeza, endeleeni. Lakini njuga inakuambia mtoto ameondoka, haimtoi majini. Mtoto anayejua kuogelea naye alindwe. Mtoto mwenye kifafa asikaribie maji kabisa bila mtu mzima aliyemshika mkono, hata kama hajaanguka muda mrefu na hata kama dawa anakunywa.

Dada wa miaka 10 si mtu mzima. Kaka anayechunga ng'ombe 30 si mlinzi, ana kazi nyingine. Mtoto hamlindi mtoto.

Mvua za kwanza: Novemba na Desemba

Huu ndio msimu ninaouogopa kuliko yote, kwa sababu mbili: wajukuu wamefika, na mashimo yamejaa. Lambo mnalifahamu, mnajua kina kiko upande gani. Shimo hamlifahamu. Kuna pale wajenzi wa barabara walipochimba kifusi wakaondoka. Kuna mashimo ya kufyatulia matofali nyuma ya nyumba. Kuna kisima cha zamani kilichofunikwa na majani. Mwezi uliopita yote yalikuwa makavu na watoto walishuka humo wakicheza. Leo yana maji ya tope, huoni hata kiganja chako, na mtoto anaingia akidhani sakafu iko pale pale alipoiacha.

Asubuhi baada ya mvua kubwa ya kwanza, kabla watoto hawajaamka, zungukeni eneo la nyumba mpaka njia ya lambo. Penye shimo zungusheni matawi ya miiba ya mgunga, mirefu kumpita mtoto, bila kuacha upenyo. Msitumie minyaa kwa haraka haraka. Utomvu wake ukiingia jichoni mtaniletea kesi nyingine. Shimo la jirani ni lenu pia, mwambieni. Asiposikia, mwambieni mwenyekiti wa kitongoji.

Mito ya msimu: maji yanaweza kuja kwa nguvu hata kama kwenu haijanyesha, kwa kuwa imenyesha juu. Mkiukuta mto unapita, rudini. Msimbebe mtoto mabegani kuvuka "pale penye kina kidogo".

Masika yakikolea

Mama anapandikiza mpunga, mtoto kaketishwa kwenye tuta la jaruba na dada yake. Jaruba nalo ni maji. Mtoto hamlindi mtoto.

Penye mamba

Hakuna matembezi.

Kipupwe: Juni na Julai

Miezi hii ndiyo mizuri ya kutoka na wajukuu. Maji yametulia, njia imekauka, yangeyange wanafuata ng'ombe, na jioni bata maji wanashuka. Babu akae juu ya tuta la lambo na ndoano yake, wajukuu pembeni, na kambare wa kwanza apewe aliye mdogo kuliko wote. Waonyesheni palipo na kamongo na namna anavyojizika kwenye tope maji yakikauka. Utani wa babu na wajukuu hauna mahali pazuri kuliko hapo. Ila uishie juu ya tuta, maana maji yaliyo chini yake yana kichocho.

Kichocho hakisubiri mtu anywe maji. Kinapita kwenye ngozi, hata isiyo na kidonda, na dakika chache za kusimama majini zinatosha. Kwa hiyo wasiogelee. Wasioge humo. Wasifue wakiwa wamesimama majini. Wasikatize lambo kufupisha njia. Wasitumbukize miguu wakiwa wameketi ukingoni, ati kupoza jua. Kuanzia saa 4 asubuhi mpaka saa 8 mchana hali ni mbaya zaidi, lakini hakuna saa iliyo salama. Kujifuta haraka na kanga baada ya kutoka hakutoshi. Mabuti ya mpira yanasaidia, mpaka maji yatakapoingia ndani yake. Maji ya lambo ya kuogea nyumbani yachemshwe kisha yapoe, au yakae siku 2 nzima kwenye chombo safi chenye mfuniko.

Mtoto mwenye kichocho akikojoa majini amekigawa kwa kijiji kizima. Wote waende choo kabla ya kutoka nyumbani. Atakayebanwa huko akajisaidie mbali na maji, upande ambao mvua haitasomba kuelekea lambo.

Damu mwishoni mwa mkojo si dalili ya kukua. Si kubalehe. Si kurogwa. Kwa msichana msikimbilie kusema ni hedhi. Nendeni zahanati mkapime. Kichocho kikiachwa kwa miaka, kibofu kinaharibika, na wengine hupata saratani ya kibofu. Wasichana hupata vidonda ukeni vinavyowatesa mpaka utu uzima. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli. Vidonge hupimwa kulingana na kimo au uzito, na mtoto ale kwanza, la sivyo anaweza kutapika. Ile inayogawiwa shuleni mara nyingi haimfikii mdogo ambaye hajaanza shule, naye ndiye anayeogeshwa kwenye beseni la maji ya lambo. Na dawa si kinga. Anayemeza leo na kurudi majini kesho ameanza upya.

Kiangazi: Agosti hadi Oktoba

Maji yamepungua, watu wanadhani hatari nayo imepungua. Ukingo umekuwa tope zito lililokanyagwa na ng'ombe. Mtoto akinasa hapo mpaka magotini hatoki, na akianguka kifudifudi, maji ya kina cha kiganja yanatosha kumuua. Visima vinavyochimbwa mchangani kwenye mto mkavu vifunikwe kwa mbao au mlango wa zamani kila baada ya kuchota, siyo jioni tu.

Nyumbani pia

Ndoo iliyojaa nusu inaweza kumuua mtoto anayeanza kusimama. Anachungulia, kichwa kinatangulia, hawezi kujirudisha. Ndoo na mapipa yafunikwe, beseni limwagwe mkimaliza kuoga, lipinduliwe.

Usiku

Chandarua, maana penye lambo pana mbu. Hata kipupwe.

Mtu akizama

Usijitupe majini kama hujui kuogelea, na usimruhusu mtoto yeyote aingie. Lala kifudifudi ukingoni umpelekee fimbo ndefu, tawi, au kanga mbili zilizofungwa pamoja. Au rusha dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko na kamba ndefu, alishike, umvute. Dumu hilo na kamba vikae lamboni, vimetundikwa kwenye nguzo, siku zote. Najua litaibiwa. Nunueni jingine, ni rahisi kuliko sanda.

Piga yowe. Mmoja apige 114, namba ya bure ya Zimamoto na Uokoaji, lakini msikae kuwangoja, wako mbali. Msimngoje polisi wala mwenyekiti ndipo mumguse mtoto.

Akishatoka majini, msimning'inize miguu juu. Msimkamue tumbo. Msimzungushe. Msimpe maziwa, msimfukizie moshi. Mambo hayo yote yanakula dakika zake.

Mlaze chali mahali pagumu. Inua kidevu chake juu kidogo. Hapumui? Ziba pua yake, funika mdomo wake kwa mdomo wako, mpulizie pumzi 5, kila moja mpaka uone kifua kinanyanyuka. Kwa mtoto mchanga, mdomo wako ufunike mdomo na pua yake kwa pamoja. Hajazinduka? Bonyeza katikati ya kifua chake kwa kiganja, haraka haraka, kifua kishuke kiasi cha theluthi moja, mara 30. Kwa mtoto mchanga tumia vidole gumba viwili, mikono ikikizunguka kifua chake. Kisha pumzi 2. Kisha 30 tena. Endelea, mkipokezana, mpaka apumue au mumkabidhi kwa mhudumu wa afya. Akitapika, mgeuze ubavu, msafishe mdomo, endelea.

Akizinduka, mvue nguo zilizolowa, mfunike kwa nguo kavu, mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata akiwa anacheka na kuomba uji. Kikohozi na shida ya kupumua vinaweza kuja saa kadhaa baadaye.

Na yule mtoto mwingine, aliyekuwa amekabidhiwa: asichapwe.

Wajukuu wakirudi mjini

Bibi, mpigie mama yao. Mwambie bila kuficha kama watoto waliingia majini, kwa kuwa daktari wa mjini hataulizia lambo. Waliokuja Desemba wapimwe mkojo mwezi Machi. Waliokuja Juni, mwezi Septemba. Mtoto akikojoa damu kabla ya hapo, apelekwe bila kungoja. Kipimo ni cha mkojo tu, hakina sindano.

Na nyinyi wazazi mnaowapeleka kijijini: kabla ya kulipa nauli, pigeni simu muulize nani atakuwa na watoto mchana, watu wakiwa shambani. Mkitajiwa jina la mtoto, ahirisheni safari mpaka litajwe jina la mtu mzima.