Kufundisha Suala Lenye Pande Mbili: Ruzuku ya Magari na Viwanda vya Nyumbani

Miongoni mwa kazi ngumu zinazomkabili mwalimu wa madarasa ya juu ya shule ya msingi ni kuongoza majadiliano juu ya jambo ambalo watu wazima wenyewe hawajakubaliana. Katika mazoezi ya kufundisha tumeona mara nyingi mjadala ukigeuka kuwa mashindano ya sauti. Kundi lenye wasemaji hodari hushangiliwa, na mtoto mwenye hoja nzito lakini sauti ndogo hunyamaza. Wanafunzi hutoka darasani wakijua nani ameshinda, wasijue ameshinda kwa sababu gani. Mtoto aliyezoeshwa hivyo hukua akimfuata mwenye kelele, na hasara yake huonekana baadaye katika mikutano ya kijiji na ya taifa.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi ya kuandaa somo la namna hii kwa kutumia suala moja: serikali inapotoa fedha ili wananchi wabadilishe magari yao makuukuu kwa mapya, je, yafaa ivipendelee viwanda vya nchi yake? Tumelichagua kwa sababu tatu. Kwanza, lina tukio la kweli lenye tarakimu. Pili, halimgusi mtoto kwa dini wala kabila lake, hivyo aweza kubadili mawazo bila kuona haya. Tatu, ndani yake mna neno moja ambalo watu hulitumia bila kulipima.

Maarifa ya mwalimu

Mwalimu hana budi kulijua tukio lenyewe kabla ya kuingia darasani. Mwaka 2009 uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka vibaya, na kufikia Oktoba mwaka huo asilimia 10 ya nguvukazi haikuwa na ajira. Kampuni ya Chrysler iliomba ulinzi wa mahakama ya mufilisi mwezi wa Aprili, na General Motors ikafuata tarehe 1 Juni. Mwezi huohuo Rais Barack Obama alitia saini sheria ya kuwapa ruzuku wenye mikweche. Aliyepeleka gari linalokwenda maili 18 au pungufu kwa galoni moja, yaani kiasi cha kilomita 7 na nusu kwa lita, alipunguziwa dola 3,500 au 4,500 katika bei ya gari jipya lenye kutumia mafuta kidogo zaidi. Gari hilo jipya halikuruhusiwa kuzidi bei ya dola 45,000.

Bilioni moja ya dola iliyotengwa kwanza ilikaribia kwisha katika siku chache, na bilioni 2 zikaongezwa. Mpango ulifungwa tarehe 24 Agosti 2009, baada ya magari yapatayo 677,000 kubadilishwa.

Wanafunzi watauliza: kwa nini mikweche hiyo isiuzwe kwa watu wengine? Jibu ni kwamba sheria iliamuru injini ziuawe. Mafuta ya injini yalimwagwa, ikatiwa kemikali iitwayo sodiamu silikati, kisha injini ikawashwa mpaka ikakwama. Shabaha ilikuwa kuzuia gari lisirudi barabarani kula mafuta yaleyale.

Sheria haikubagua kampuni. Toyota peke yake iliuza takriban magari 19 katika kila magari 100 mapya ya mpango huo, na kampuni tatu za Detroit, yaani General Motors, Ford na Chrysler, kwa pamoja ziliuza yapata 39. Gari jipya lililoongoza ni Toyota Corolla, na mkweche ulioongoza ni Ford Explorer. Hapo ndipo manung'uniko yalipozuka: je, fedha ya mlipa kodi wa Marekani itumike kununua gari lenye jina la Kijapani?

Kupima neno kabla ya kubishana

Kosa tunaloliona zaidi ni kufungua mjadala kabla neno kuu halijafafanuliwa. Hapa neno hilo ni "gari la nyumbani". Mwalimu aandike ubaoni maswali matatu: Kampuni ni ya nchi gani? Gari limeundwa wapi? Wafanyakazi waliolipwa mshahara ni akina nani?

Kisha atoe mifano. Mwaka 2009 Corolla nyingi ziliundwa Fremont, California, katika kiwanda kilichoanzishwa kwa ubia wa Toyota na General Motors. Honda ilikuwa ikiunda magari Marysville, jimbo la Ohio, tangu mwaka 1982. Kwa upande mwingine, Ford Fusion, gari la kampuni ya Michigan, liliundwa Hermosillo, nchini Mexico. Lipi basi ni la nyumbani? Anayetazama jina lililobandikwa mbele atajibu Ford, na anayetazama mshahara wa fundi atajibu Honda. Mwanafunzi akishaona hivyo, amejifunza jambo kubwa kuliko habari za magari, nalo ni kwamba watu wawili waweza kubishana mchana kutwa kwa sababu kila mmoja ana maana yake mfukoni.

Hoja za kila upande

Wanaotaka upendeleo husema kwamba fedha ya umma imetoka kwa wananchi, hivyo iwarudie wananchi. Kiwanda kikifungwa Michigan, hufungwa pia karakana za vipuri, maduka na hata shule za mji. Huongeza kwamba, hata gari la Toyota likiundwa Marekani, sehemu ya faida huenda makao makuu Japani, na kazi nyingi za usanifu hufanywa huko. Hoja hii ina uzito na isidharauliwe.

Wanaopinga husema kwamba fundi wa Honda wa Ohio naye ni mwananchi mlipa kodi. Husema pia kwamba serikali ilikwisha kuzisaidia General Motors na Chrysler kwa njia nyingine, hata ikamiliki takriban asilimia 60 ya General Motors. Kuipendelea tena kungekuwa sawa na refa anayecheza katika timu mojawapo. Zaidi ya hayo, mapatano ya Shirika la Biashara Duniani hukataza ruzuku yenye sharti la kutumia bidhaa za nyumbani badala ya zile za nje, na nchi inayobagua huweza kubaguliwa. Ujerumani, iliyotoa yuro 2,500 kwa kila gari la miaka 9 au zaidi mwaka huohuo wa 2009, haikuweka sharti la gari la Kijerumani. Japani nayo ililalamikiwa na Wamarekani kwamba taratibu za mpango wake ziliyaacha nje magari yao, ikazilegeza Januari 2010.

Suala hili halikufa. Mwaka 2022 Marekani ilipitisha sheria iliyotoa nafuu ya kodi ya hadi dola 7,500 kwa mnunuzi wa gari la umeme, kwa sharti kwamba gari liwe limeunganishwa Amerika ya Kaskazini. Korea ya Kusini na Umoja wa Ulaya zililalamika. Nafuu hiyo ilikomeshwa mwishoni mwa Septemba 2025. Wanafunzi watambue kwamba safari hii kipimo kilikuwa mahali pa kuunganishia, si jina la kampuni.

Hatua za somo

Somo lichukue vipindi viwili vya dakika 40.

Kipindi cha kwanza kianze kwa hesabu. Gari la zamani huenda kilomita 7 kwa lita na jipya kilomita 10. Katika safari ya kilomita 70 kila moja litatumia lita ngapi? Watoto wapate wenyewe 10 na 7. Kisha mwalimu asimulie tukio kwa ufupi na kupima neno "gari la nyumbani" kama tulivyoeleza. Zana ni nyepesi: vipande vya maboksi vyenye majina ya magari, kampuni na mahali yalikoundwa, ambavyo wanafunzi watavipanga kwa kipimo kimoja, halafu kwa kingine.

Kipindi cha pili kiwe cha majadiliano. Darasa ligawanywe katika vikundi vya watoto sita au wanane, na kila mtoto apewe nafasi yake: mlipa kodi, fundi wa Detroit, fundi wa Ohio, mwenye mkweche, muuzaji magari, na mbunge. Kila kikundi kiandike hoja mbili za kuunga mkono na mbili za kupinga. Kabla ya kujibu, msemaji lazima kwanza arudie hoja ya mwenzake mpaka mwenzake akubali kwamba ndiyo aliyoisema. Kanuni hii hupunguza kelele kuliko fimbo.

Mwisho vikundi vibadilishane pande. Aliyetetea upendeleo aupinge, na aliyeupinga autetee.

Tathmini

Mwalimu asihesabu mikono iliyonyooshwa. Amtake kila mwanafunzi aandike sentensi tatu: msimamo wangu, sababu yangu, na hoja ya upande wa pili iliyonipa taabu zaidi. Sentensi ya tatu ndiyo yenye alama nyingi, kwani huonyesha kama mtoto amesikiliza.

Je, mwalimu aseme msimamo wake? Kwa maoni yetu, aseme akiulizwa, lakini baada ya madaftari kukusanywa, na atoe sababu zake kama mshiriki mwingine yeyote. Sisi wenyewe tunaona kwamba sheria ile ilibeba shabaha mbili, kuokoa mafuta na kuokoa ajira, na mzozo ulizuka kwa kuwa watu hawakusema ipi itangulie. Ikitangulia ya mafuta, upendeleo ni kikwazo, kwa maana mnunuzi huzuiwa kuchagua gari linalookoa mafuta zaidi. Ikitangulia ya ajira, kipimo cha haki ni mahali gari lilipoundwa na vipuri vyake vilipotoka. Tena faida ya ajira isikuzwe mno: wachumi Atif Mian na Amir Sufi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, waligundua kwamba karibu manunuzi yote yaliyoongezeka yalikuwa yameletwa mbele tu, na mauzo yakapungua kwa kiasi kilekile katika miezi iliyofuata.

Mwanafunzi anaweza kutukatalia hayo kwa hoja ya mji wa Detroit na watu wake. Akifanya hivyo kwa tarakimu, kwa maneno yaliyopimwa na baada ya kutusikiliza, mwalimu na amwandikie alama zake zote.