SOMO KWA WATUMISHI NA WANANCHI: CHETI CHA USALAMA CHA TOVUTI KISICHOLIPIWA NA MIPAKA YAKE

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanapewa maelezo yafuatayo ili wafahamu maana ya cheti cha usalama cha tovuti, namna kinavyopatikana bila ya malipo, na jambo ambalo cheti hicho hakiwezi kulithibitisha.

1. Haja ya cheti

Habari inayotoka katika kompyuta au simu ya mtumiaji kwenda katika seva ya tovuti hupita katika mitambo mingi njiani. Isipokuwa na kinga, huwa mfano wa kadi ya posta: kila aishikaye aweza kuisoma, na mwenye nia mbaya aweza hata kubadilisha yaliyomo. Neno la siri la mtumishi na namba ya kitambulisho cha mkaazi huwa wazi. Tovuti yenye cheti huigeuza habari hiyo kuwa fumbo, kama barua iliyotiwa lakiri, na anayeweza kuifungua ni yule iliyekusudiwa kumfikia. Dalili yake ni anuani kuanza na herufi "https" badala ya "http".

2. Asili ya vyeti vya bure

Kwa miaka mingi vyeti hivi vilikuwa vikiuzwa, na kuviweka kulihitaji fundi. Kwa sababu hiyo taasisi nyingi ndogo ziliendelea bila navyo. Mwaka 2014 ilitangazwa huduma ya Let's Encrypt, inayoendeshwa na Internet Security Research Group, taasisi ya California, Marekani, isiyofanya biashara ya faida. Cheti cha kwanza kilitolewa Septemba 2015, na umma ukafunguliwa mlango Disemba 3 mwaka huo huo. Ilipofika Februari 2020, vyeti bilioni moja vilikuwa vimeshatolewa. Gharama zake hubebwa na wafadhili na wachangiaji.

3. Namna kinavyotolewa

Kazi yote hufanywa na programu. Seva ya mwombaji hupewa alama maalumu na kutakiwa kuiweka mahali palipotajwa ndani ya tovuti yake. Mtoaji wa cheti huenda kuitazama. Akiikuta, huridhika kwamba mwombaji ndiye anayeimiliki anuani ile, naye hutoa cheti. Haulizwi jina lake, kazi yake wala tabia yake.

4. Muda wa cheti

Tangu huduma hii ianze, cheti chake cha kawaida kimekuwa cha siku 90. Muda ni mfupi kwa makusudi, ili ufunguo ukiibiwa usimfae mwizi kwa siku nyingi. Programu hupaswa kuomba cheti kipya kabla cha zamani hakijakwisha. Hatari hutokea pale programu inaposita bila ya mtu kujua. Zamani Let's Encrypt ikituma barua pepe za kukumbusha, lakini utaratibu huo ulikoma Juni 4, 2025. Aidha, mwaka 2025 watoaji vyeti na watengenezaji wa vivinjari walikubaliana kwamba kuanzia Machi 2029 cheti kipya kisizidi siku 47. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Cheti kikishakwisha, kivinjari humwonya mgeni. Mtumishi anayemwambia mwananchi "bonyeza tu, endelea" humzoesha kudharau onyo, na siku onyo hilo litakapokuwa la mwizi wa kweli, mwananchi huyo atalipita vile vile.

5. Mipaka ya cheti

Lakiri huonyesha kwamba barua haikufunguliwa njiani. Haionyeshi kwamba aliyeiandika ni mkweli. Laghai anayesajili anuani inayofanana na ya ofisi ya Serikali naye hupata cheti, kwa kuwa anuani ile ni yake kweli. Mwananchi atakayemtumia neno lake la siri atakuwa amelifunga vizuri na kumkabidhi mwizi mkononi. Tena, cheti huilinda habari ikiwa njiani tu. Ikishafika, usalama wake ni dhamana ya ofisi iliyoipokea.

6. Mambo ya kuzingatia

(a) Taasisi yenye tovuti imtaje mtumishi mmoja, pamoja na msaidizi wake, wa kufuatilia vyeti, na tarehe ya mwisho ya kila cheti iandikwe katika daftari.

(b) Onyo likitokea, tovuti isitumike kupokea maneno ya siri wala malipo mpaka itengenezwe.

(c) Mwananchi asome anuani yote kabla ya kujaza fomu. Anuani za taasisi za Serikali nchini Tanzania, zikiwemo za Zanzibar, humalizikia na "go.tz". Herufi hizo ziwe za mwisho kabisa kabla ya mkwaju (/) unaofuata jina la tovuti. Zikiwa katikati ya jina refu, asiendelee.

(d) Mwenye shaka aulize katika ofisi inayohusika kabla ya kulipa.

Cheti ni cha bure, lakini uangalizi wake unahitaji mtu.