Kijerumani cha B2 Jioni: Pitia Kiswahili, Si Kiingereza

Somo hili ni la wakazi wa Sondu, Katito, Pap Onditi na sehemu nyingine za Nyakach waliomaliza B1 ya Kijerumani na sasa wanasoma jioni, baada ya zamu ya hospitali au baada ya kufunga duka. B2 ndiyo ngazi inayowakwamisha wengi. Maneno wanayajua, kusoma wanasoma, lakini sentensi ndefu zinawashinda.

Kwanza tueleze kwa nini ngazi hii inatafutwa. Tarehe 13 Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin mkataba wa uhamiaji na ajira. Mkataba huo haukuahidi idadi yoyote ya kazi. Ile hesabu ya nafasi 250,000 iliyosambaa wakati huo ilikanushwa na Serikali ya Ujerumani yenyewe. Masharti ya lugha yapo palepale: anayekwenda kwa mafunzo ya kazi, yaani Ausbildung, kwa kawaida hutakiwa B1, na muuguzi anayetaka cheti chake kitambuliwe kikamilifu kwa kawaida hutakiwa B2. Muuguzi wa Nyakach aliyesimama B1 amefika mlangoni, bado hajaingia.

Goethe-Institut hukadiria kwamba mtu hufika B2 baada ya vipindi 600 hadi 800 vya dakika 45, ukihesabu tangu siku ya kwanza ya A1. Tuseme umebakisha vipindi 200. Darasa la saa mbili, jioni tatu kwa wiki, ni vipindi 8. Hiyo ni wiki 25, karibu nusu mwaka, ikiwa hukosi hata siku moja. Atakayekuahidi B2 kwa mwezi mmoja na nusu, mwombe akufanyie hesabu hiyo mbele yako.

Sasa tuingie kwenye somo. Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwa Kiingereza, kwa hiyo tukitaka kusema jambo kwa Kijerumani tunalipitisha Kiingereza kwanza. Katika A1 njia hiyo hufaa kidogo. Katika B2 inapoteza watu, kwa sababu mambo kadhaa ya ngazi hii yako karibu zaidi na Kiswahili.

Chukua sentensi za sharti. Tunasema: "Ningekuwa na muda, ningesoma kila jioni." Alama ya -nge- iko pande zote mbili. Kijerumani nacho hubadilisha kitenzi pande zote mbili: "Wenn ich Zeit hätte, würde ich jeden Abend lernen." Kiingereza huweka neno lake la "ningefanya" upande mmoja tu, na upande wa pili hutumia umbo la wakati uliopita. Anayetafsiri kutoka huko huishia kuandika "wenn ich Zeit hatte" bila zile nukta mbili, na hapo amesema jambo jingine kabisa: wakati nilipokuwa na muda. Nukta mbili juu ya a ndizo -nge- yako. Kama nafasi imekwisha kupita, sisi tuna -ngali-: "Ningalikuwa na muda, ningalisoma." Mjerumani atasema: "Wenn ich Zeit gehabt hätte, hätte ich gelernt." Ni kweli kwamba mitaani wengi wetu tunachanganya -nge- na -ngali-. Katika mtihani wa Kijerumani usichanganye.

Kauli ya kutendwa ni hivyohivyo. Anayesema "mgonjwa anaoshwa na muuguzi" hana cha kuogopa katika "Die Patientin wird von der Pflegekraft gewaschen." Hiyo "na" yetu ndiyo "von" yao. Wauguzi wazoee hasa umbo lenye lazima, kwa sababu maagizo ya wodini hujaa umbo hilo: "Die Wunde muss jeden Tag gereinigt werden", kidonda lazima kisafishwe kila siku.

Viunganishi vya jozi pia, ambavyo watahiniwa huvikariri kwa shida, tunavyo tayari. "Je … desto" ni kadiri … ndivyo. "Weder … noch" ni si … wala.

Kuna mahali ambapo Kiswahili hakisaidii hata kidogo, napo ni mwisho wa sentensi. Baada ya "weil", "dass" au "obwohl", kitenzi kinachonyambuliwa hukaa mwisho kabisa. "Ich bin zu spät gekommen, weil das Matatu in Katito stehen geblieben ist." Nimechelewa kwa sababu matatu ilikwama Katito. Kwetu habari ya kukwama hutangulia, kwao msikilizaji husubiri hadi neno la mwisho. Dawa yake ni mdomo, si daftari. Kila jioni kabla ya darasa kuanza, kila mmoja aseme sababu tatu za jambo lolote lililompata siku hiyo, zote kwa "weil", bila kuandika. Stima ikipotea zoezi hili halisimami, maana halihitaji taa.

Kwa masikio, kuna njia isiyo na gharama ila bando. Deutsche Welle, redio ya Ujerumani inayotangaza kwa Kiswahili tangu 1963, hutoa pia habari za Kijerumani zinazosomwa polepole, Langsam gesprochene Nachrichten. Sikiliza habari za siku kwa Kiswahili kwanza, kisha zile za polepole. Ukijua tayari kilichotokea, sikio hupata nafasi ya kushika maneno. Na jihadhari na saa: "halb sieben" ni nusu kabla ya saba yao, yaani kwetu saa kumi na mbili na nusu.

Mtihani wa Goethe wa B2 una sehemu nne: kusoma dakika 65, kusikiliza kama dakika 40, kuandika dakika 75, na kuzungumza kama dakika 15 mkiwa wawili. Kila sehemu ina alama 100 na hupita kwa 60. Unaweza kufanya sehemu moja moja, na uliyoanguka ukairudia peke yake. Katika kuandika utatoa maoni yako kwa maneno yasiyopungua 150, kisha ujumbe rasmi wa maneno yasiyopungua 100. Katika kuzungumza utatoa hotuba fupi, halafu mjadiliane na mwenzako, kwa hiyo anayejifungia nyumbani na kitabu anajinyima sehemu nzima.

Kabla ya kumlipa wakala yeyote, hakikisha amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira (NEA). Cheti cha lugha hakinunuliwi. Anayekuuzia anakuuzia kesi.

Zoezi la wiki hii. Tafsiri bila kupitia Kiingereza:

1. Mvua isingenyesha, tungeanza saa kumi na mbili jioni.
2. Dawa zimeshagawiwa.
3. Kadiri bei inavyopanda, ndivyo wateja wanavyopungua.

Majibu: (1) Wenn es nicht regnen würde, würden wir um 18 Uhr anfangen. (2) Die Medikamente sind schon verteilt worden. (3) Je höher der Preis steigt, desto weniger Kunden kommen.