Ufa wa Mfupa Bila Kuanguka

Kunja waya huku na huku, msomaji. Mwishowe hukatika, ingawa hakuna mkunjo mmoja uliotosha kuukata. Mfupa wa muundi au wa wayo hupata ufa vivyo hivyo, hasa ukianza ghafla kukimbia maili nyingi. Mwaka 1855 Breithaupt, daktari wa jeshi la Prussia, alieleza nyayo za askari zilizovimba kwa matembezi marefu.

Lakini mfupa una uhai: hujiziba ukipumzishwa. Ufa wa wayo kwa kawaida hupona kwa majuma 6 hadi 8. Ukiendelea kukimbia, mfupa waweza kuvunjika kabisa.

Wengi hunijia wakiwa wamechua mguu mwezi mzima! Ukiumwa mahali pamoja panapouma zaidi ukipabonyeza, pumzika, umwone daktari. Eksirei safi isikudanganye. Majuma 2 ya kwanza ufa aghalabu hauonekani.