Mashine ya Kwanza ya Santuri kwa Kijana: Jinsi ya Kuipangia Pesa na Kuilipia Salama

Somo la leo ni la mzazi ambaye kijana wake amefungua kasha la santuri za babu, akazipenda, na sasa anaomba mashine ya kuzichezea. Wengine huiita gramafoni, wengine pleya. Tutaangalia mambo mawili kwa pamoja: ununue mashine gani kwa pesa kidogo, na ulipe vipi kwa simu bila kupoteza pesa yako.

Mfano wetu ni familia iliyo Kosele, karibu na Oyugis, Kaunti ya Homa Bay. Tumechagua huko kwa sababu mbili. Kwanza, hii ni nchi ya benga, na santuri za zamani bado zimo kwenye nyumba za watu. Pili, mashine yenyewe mara nyingi itatoka mbali, Kisumu au Nairobi, kwa hivyo mnunuzi huombwa pesa kabla hajaiona. Hapo ndipo watu huumia.

Kwanza ujue unalinda nini

Miaka ya 1960 hadi 1980, benga iliuzwa zaidi kwa santuri ndogo za inchi 7. Wimbo mmoja mara nyingi uligawanywa mara mbili: sehemu ya kwanza upande huu, ukigeuza unapata sehemu ya pili. Shirati Jazz ya D. O. Misiani, Victoria Jazz na bendi ya George Ramogi zilisikika hivyo. Duka la Chandarana mjini Kericho lilirekodi na kutoa santuri za wanamuziki wengi wa eneo hili. Naye mtayarishaji Oluoch Kanindo alisambaza santuri mpaka Zimbabwe, ambako watu waliishia kuuita muziki wa aina hiyo "kanindo".

Nyimbo nyingi za wakati huo zimewekwa kwenye intaneti, lakini si zote. Santuri iliyo mkononi mwa kijana wako huenda ndiyo nakala pekee mtakayoipata. Sauti yake imechongwa kwenye mfereji mwembamba, na sindano hupita ndani ya mfereji huo. Sindano mbovu au nzito kupita kiasi huukwangua, na kilichokwanguliwa hakirudi. Kwa hivyo mashine ya bei ya chini inayokula santuri si bei nafuu hata kidogo.

Angalia santuri kabla ya kuangalia mashine

Mwambie kijana azipange kwa ukubwa:

- Inchi 7: nyingi huzunguka mara 45 kwa dakika. Baadhi zina tundu kubwa katikati, na zinahitaji kile kiplastiki cha kuziba tundu.
- Inchi 12: nyingi huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika. Hizi ndizo albamu.
- Inchi 10, nzito, zinazovunjika kama kigae: mara nyingi ni za zamani za mzunguko wa 78. Zinahitaji sindano pana ya kwake. Usizichezee kwa sindano ya kawaida, na usizifute kwa spiriti, kwani itayeyusha uso wake.

Kama kasha lina za 45 na 33 peke yake, usilipie zaidi kwa sababu muuzaji anasifu kwamba mashine yake inacheza 78.

Mashine gani inafaa?

Tafuta vitu vinne: sindano inayoweza kubadilishwa na ambayo bado inauzwa, mkono usiokandamiza santuri, mzunguko ulio sawa, na kikuza sauti cha ndani.

Hicho cha mwisho husahaulika sana. Sauti inayotoka kwenye sindano za mashine nyingi nzuri ni dhaifu mno. Ukichomeka moja kwa moja kwenye sabufa ya sebuleni, utasikia kama mtu anaimba ndani ya mtungi. Ni lazima kuwe na kikuza sauti ndani ya mashine, au ununue kimoja kidogo cha pembeni, au uwe na redio ya zamani yenye tundu lililoandikwa PHONO.

Kwa mfano tu, na si tangazo: Audio-Technica AT-LP60X hucheza 33 na 45, mkono wake hujiinua wenyewe santuri ikiisha, ina kikuza sauti ndani, na sindano yake hubadilishwa. Haichezi 78. Ukipata ya aina hiyo, hata ya mkono wa pili, uko mahali pazuri pa kuanzia.

Zile za kisanduku zenye spika ndogo ndani huvutia kwa bei na rangi. Shida ni kwamba nyingi zina mkono unaokandamiza kwa gramu 5 hivi, wakati sindano za sumaku hutumia gramu 2 au 3. Kwa kusikiliza santuri moja dukani si neno, lakini kwa kuchezea nakala pekee ya babu kila jioni, hapana.

Jihadhari na mtumba kutoka Marekani

Stima ya Kenya ni volti 240, mawimbi 50 kwa sekunde. Ya Marekani ni volti 120, mawimbi 60. Ukichomeka mashine ya huko ukutani moja kwa moja, inaweza kuungua. Hata ukinunua transfoma, volti zitashuka lakini mawimbi yatabaki 50, na mota nyingi za zamani hufuata mawimbi. Santuri ya 45 itazunguka mara 37 au 38 tu, na mwimbaji atasikika kama ana usingizi. Mtumba kutoka Uingereza hauna shida hiyo, maana stima yao inafanana na yetu.

Soma kibandiko cha nyuma au cha chini. Muuzaji akikataa kukipiga picha, endelea na safari yako.

Piga hesabu yote

Tangazo likisema "12,000 tu", hiyo ni bei ya mashine, si bei ya kusikiliza muziki. Huu ni mfano wa hesabu kamili. Bei unazopata zinaweza kuwa tofauti:

- Mashine ya mkono wa pili: sh. 12,000
- Sindano mpya: sh. 2,000
- Kikuza sauti cha pembeni: sh. 1,500
- Kiplastiki cha tundu na brashi: sh. 500
- Kusafirisha kifurushi: sh. 600
- Ada za kutuma na kutoa: sh. 200

Jumla: sh. 16,800.

Sindano tumeiweka makusudi. Sindano ya almasi kwa kawaida hudumu kati ya saa 500 na 1,000, na ukinunua mtumba hujui imeshafanya kazi saa ngapi. Ibadilishe kabla ya kuweka santuri ya babu.

Sasa gawanya. Sh. 16,800 kwa wiki 24 ni sh. 700 kwa wiki. Kijana anayesaidia kuuza viazi vitamu siku ya soko anaweza kuchangia sehemu yake, na mzazi akaongezea. Iweke pesa hiyo kwenye akaunti ya akiba ya simu, mbali na salio la matumizi, maana pesa iliyo kwenye salio huisha kwa mkate na nauli bila mtu kujua. Na tunasema wazi ingawa sisi wenyewe ni watu wa pesa za simu: usichukue mkopo wa simu kwa jambo hili. Mkopo wa muda mfupi ni wa dharura. Santuri zimengoja miaka 40, zitangoja miezi sita.

Namna ya kulipa: hatua saba

1. Omba video ya mashine ikicheza, iliyopigwa siku hiyo. Mwambie muuzaji ataje tarehe na jina lako kwenye video. Picha nzuri peke yake haitoshi. Picha huibwa kwenye matangazo ya watu wengine.

2. Pima mzunguko. Muuzaji abandike kikaratasi ukingoni mwa sahani ya mashine, kisha muhesabu pamoja kwa dakika moja. Kwenye 45, kikaratasi kipite mara 45. Kwenye 33, mara 33 na kidogo. Ikipungua sana, mkanda umechoka au stima si yake.

3. Tuma mtu akaone. Karibu kila familia ya Kosele ina ndugu Kisumu au Nairobi. Soko la Kenyatta jijini Nairobi linajulikana kwa santuri za zamani, na barabara ya Luthuli kwa vyombo vya sauti. Ndugu afike, asikilize pande zote mbili za spika, kisha akupigie simu akiwa bado amesimama pale.

4. Lipa baada ya sahani kuzunguka. Muuzaji atasema, "Tuma deposit kidogo nikushikie, kuna mtu mwingine njiani." Huyo mtu mwingine hayuko. Na kama yuko, mwache anunue. Ukiamua kutuma kitu, kiwe kiasi ambacho kikipotea utalala usingizi.

5. Tumia namba ya biashara pale inapowezekana, siyo namba ya mtu binafsi. Malipo ya duka huacha kumbukumbu yenye jina la duka. Ukituma kwa mtu binafsi, utaambiwa "weka na ya kutoa", kwa hivyo iwe tayari kwenye hesabu yako.

6. Soma jina kabla ya kuweka PIN. Jina linalotokea kwenye skrini lifanane na la duka au la mtu aliye mbele ya ndugu yako. "Hiyo ni laini ya mke wangu" au "ya mfanyakazi wangu" ni sababu ya kusimama, si ya kuendelea.

7. Hifadhi ujumbe wa uthibitisho pamoja na picha ya mashine na ya risiti. Usifute chochote mpaka mashine ifike Kosele na icheze.

Je, tunaweza kukurudishia pesa?

Ukikosea namba, wasiliana nasi papo hapo. Kama pesa bado ipo kwenye akaunti iliyopokea, kuna uwezekano wa kuizuia na kuirudisha kwa utaratibu. Ikishatolewa kwa wakala, imeondoka mikononi mwetu. Na ukimlipa kwa hiari muuzaji ambaye baadaye anakuuzia kibovu, hilo si kosa la namba. Ni madai kati yenu, na penye ulaghai ni la kupeleka polisi ukiwa na kumbukumbu zako. Ndiyo maana tunakazia hatua ya nne kuliko zote.

Laini ni ya nani?

Kijana aliye chini ya miaka 18 hana kitambulisho cha taifa, kwa hivyo kwa kawaida laini anayotumia imesajiliwa kwa jina la mzazi. Deni au lawama ikitokea, inamfuata mzazi. Mwache kijana atafute, aulize maswali na apige hesabu, lakini PIN ibaki kwako. Keti naye mkilipa, asome jina kwa sauti, kisha wewe ndiye uweke PIN. Atakuwa amejifunza kitu ambacho kitamfaa hata akinunua simu au ng'ombe.

Mashine ikiondoka Nairobi, na ikifika nyumbani

Kabla ya kifurushi kupandishwa gari, mkono wa mashine ufungwe, sahani itolewe na kufungwa kando, na sindano ifunikwe. Uzito wa nyuma ya mkono, kama upo, nao utolewe. Mashine nyingi huharibika barabarani, si dukani.

Nyumbani, iweke juu ya meza isiyotikisika, mbali na spika. Santuri zisimame wima kama vitabu, zisilaliane, na zisikae karibu na dirisha la jua wala juu ya kabati chini ya mabati, joto huzikunja. Stima ikipotea katikati ya wimbo, inua mkono kwanza, ndipo utafute tochi, maana ikirudi ghafla sindano itaburutwa mahali ilipokuwa imelala.

Kabla ya kuweka santuri ya babu, jaribu kwanza santuri ambayo hamuijali. Ikicheza mpaka mwisho bila kuruka, mgeuzie upande wa pili.